Tuulizane: Majina ya kubandikwa shuleni

Toleo hili tumewapa nafasi wanafunzi, mzazi mmoja na mwalimu mmoja wa Kanda ya Kati. Barua tumezifupisha na majina ya watu na ya shule tumeyaondoa. Majibu yameandaliwa na mwalimu wa malezi na unasihi akishirikiana na afisa ustawi wa jamii.

Shikamooni. Niko Kidato cha Pili, shule ya kutwa hapa Dodoma mjini. Kwetu ni Bahi, mjini nakaa kwa baba mdogo. Siku ya kwanza nilimsalimia mwenzangu kwa Kigogo, "mbukwenyi", kwa mazoea, darasa likaangua kicheko. Tangu hapo naitwa "Ombaomba". Nikipita wananyoosha viganja kama wanaoomba sarafu. Nilimwambia mwalimu wa zamu, akasema Wagogo wana watani wengi, nizoee. Huu ni utani kweli? Na nifanye nini bila kupigana? – Mwanafunzi, Nkuhungu

Marahaba, mdogo wetu. Utani upo, ila huo wa darasani kwenu si wenyewe. Mgogo na Mhehe wakikutana, kila mmoja ana ruhusa ya kumchokoza mwenzake na kila mmoja ana jibu lake mdomoni. Tena mtani ana kazi: msibani ndiye anayeshika jembe la kaburi, ndiye anayewachekesha wafiwa mpaka wakubali kula. Hao wanaokunyooshea viganja, nani kati yao atakuletea daftari ukilala na malaria siku tatu? Kipimo kingine ni hiki: mwambie mtu mara moja kwamba hupendi. Mtani atahamia kwenye mzaha mwingine. Mbabe ataongeza sauti.

Tangu Dan Olweus alipoanza kuchunguza uonevu wa shuleni huko Skandinavia miaka ya 1970, wataalamu hutazama mambo matatu: limekusudiwa, linarudiwa, na anayetendewa hana nguvu sawa na wanaomtendea. Wewe ni mgeni, uko peke yako, wao ni darasa zima. Yote matatu yametimia.

Sasa la kufanya. Chagua sentensi fupi moja na uishike hiyo hiyo: taja jina lako, halafu "hilo lingine silitaki". Basi. Usieleze historia ya Wagogo, usieleze njaa ya mwaka gani. Unapoisema, simama, geuza mwili mzima na si shingo tu, mtazame machoni. Ukishindwa, tazama katikati ya nyusi zake, hatajua tofauti. Sauti iwe ile unayomwambia mtu akupishe mlangoni. Ukimaliza, ondoka bila kusubiri jibu. Kosa linaloharibu yote haya ni tabasamu la aibu. Wengi hutabasamu ili mambo yaishe, na wale wengine hulisoma kama ruhusa. Fanya mazoezi nyumbani na binamu yako, yeye akuite hilo jina, wewe ujibu, mara kumi hivi. Zile za mwanzo sauti itakwama. Heri ikwame sebuleni kwa baba mdogo.

Baada ya kuisema mara moja kwa kila mtu, usigeuke tena ukiitwa hivyo. Wiki ya kwanza au mbili kelele zitaongezeka. Wengi hukata tamaa hapo, wakidhani njia imeshindwa, kumbe ndiyo inafanya kazi. Kuku aliyezoea kumwagiwa punje mlangoni, siku ukiacha hupiga kelele kuliko kawaida kabla hajaondoka. Ukigeuka siku ya tisa kwa hasira, umemfundisha kwamba akivumilia siku tisa atapata punje. Na usirudishe tusi la kabila lake hata likikujia tamu, kwa sababu mkifika ofisini mtaandikwa "waliogombana", na shauri lako litaishia hapo.

Mwenye kukuita si tatizo kubwa. Tatizo ni wanaocheka. Kuna utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2001, ambapo watoto wa shule za msingi walirekodiwa kwa video wakiwa uwanjani. Katika kila matukio 100 ya uonevu, wenzao walikuwepo wakitazama katika 88. Waliingilia kati katika 19 tu. Lakini pale walipoingilia, zaidi ya nusu ya matukio yalikoma ndani ya sekunde 10. Kwa hiyo tafuta watu wawili. Usiwatafute wenye misuli. Watazame wale ambao wengine wakicheka, wao huinamia daftari. Waombe kitu kimoja kidogo: "Wakianza, niite kwa jina langu, useme twende bombani." Hawatapigana na mtu wala kumhutubia. Watakuwa wamekuondoa katikati ya duara, na duara lisilo na mtu katikati halina kazi.

Kwa walimu, usirudi kwa yule wa zamu. Nenda kwa mwalimu wa darasa au wa malezi, na ubadilishe maneno. Ulisema "wananitania", na hilo neno ndilo lililokuponza. Sema: "Ninaonewa kwa ajili ya kabila langu. Wiki hii imetokea mara sita, tarehe ni hizi." Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa asili ya kabila lake, kwa lugha yake, au kwa kuwa ametoka kijijini au mjini. Wewe umeguswa na yote matatu.

Mbukwenyi usiiache. Mji huu umejaa waliohamia pamoja na serikali tangu mwaka 2016, na ni zamu yao kujifunza kuiitikia.

Habari za kazi. Binti yangu ana miaka 11, yuko Darasa la Tano. Mwaka jana nililazwa Mirembe, hospitali ya afya ya akili, wiki tatu, nikapata nafuu, naendelea na dawa. Jirani alilisema hilo mbele ya mwanawe, na sasa binti yangu anaitwa "Mirembe" shuleni. Kila Jumatatu tumbo linamuuma. Nataka niende kwa huyo mama tumalizane. Mume wangu anasema tumhamishe shule. – Mama, Nzuguni

Pole mama, na hongera kwa kushika dawa.

Kwa jirani usiende kwanza. Tunajua unavyojisikia, ila fikiria yatakayofuata. Mtoto wake atachapwa jioni, asubuhi atamsubiri wako njiani, na nyinyi wawili mtakuwa habari ya mtaa. Jambo la shule limalizwe shuleni, ambako kuna mtu mwenye wajibu nalo.

Tumbo lake mpeleke zahanati apimwe kama tumbo: minyoo, mkojo. Hofu haizuii mtoto kuugua kweli. Akikutwa hana kitu, weka alama kwenye kalenda siku linapouma. Likiuma Jumapili usiku na Jumatatu, likapotea Jumamosi na siku za likizo, umeshajua.

Ukiongea naye, usianze na "kwani uliwafanya nini?" wala "mbona hukuniambia mapema?" Yote mawili yanamrudishia yeye kosa. Muulize kwa njia ya ratiba: leo kwenye uji ulikaa na nani, ulitoka chooni na nani, nani alikuwa nyuma yako njiani. Watoto wa umri huo hushindwa kusema "ninaonewa", lakini foleni ya uji wanaikumbuka mtu kwa mtu. Muulize mkiwa mnachambua mchele au mnatembea. Akikaliwa uso kwa uso atajibu "hamna kitu".

Anayoyasema yaandike kwenye daftari lake maalumu, mistari miwili mitatu kila tukio. Mfano:

*Jumanne, saa 4:20 asubuhi, foleni ya uji. Kaitwa "Mirembe" mara 3 na mvulana mmoja wa darasa lake. Wanne walicheka. Alitoka kwenye foleni, hakunywa uji. Mwalimu wa zamu hakuwa karibu.*

Andika neno lenyewe lilivyosemwa. "Alimtukana" haimsaidii mwalimu. Yakifika matukio matano au sita, andika barua ya ukurasa mmoja kwa mwalimu mkuu: mtoto ni nani na yuko darasa gani, nini kimetokea na lini, kimemfanya nini (hanywi uji, amekosa siku ngapi), na unaomba nini. Hapo kwenye kuomba ndipo barua nyingi hulegea. Usiombe "hatua kali zichukuliwe". Omba vitu vinavyoonekana: abadilishiwe dawati, mwalimu wa zamu asimame kwenye foleni ya uji, mwalimu wa malezi aongee naye kila Ijumaa kwa mwezi mmoja. Peleka nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Zikipita siku saba za masomo bila jibu, nenda kwa Afisa Elimu Kata ukiwa na nakala hiyo, na mwenyekiti wa kamati ya shule ajulishwe. Baada ya hapo ni Afisa Elimu wa halmashauri na ofisi ya Ustawi wa Jamii. Huduma ya simu kwa mtoto, namba 116, haina malipo. Unaweza kupiga wewe au akapiga yeye mwenyewe.

Ngazi hiyo si ya kila jambo. Akipigwa akaumia, akishikwa maungoni, au akitishiwa, hakuna kuandika matukio sita: siku hiyo hiyo ni Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi na hospitali.

Kuhusu jina lenyewe. Hapa Dodoma "wa Mirembe" limekuwa tusi la barabarani, hata konda wa daladala humrushia abiria anayechelewa kushuka. Mtoto anahitaji maneno ya kujibu, na ayachague yeye. Mpe mawili: "Mama aliugua, akatibiwa," au "Hayo ni ya nyumbani kwetu." La pili lina heshima sawa na la kwanza, hana deni la kumweleza mtu yeyote ugonjwa wako. Ila wewe umweleze vizuri, kwa maneno ya umri wake, kwamba ile ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, kwamba ulipelekwa kama anavyopelekwa mwenye presha, na kwamba yeye hakuusababisha ugonjwa. Watoto wengi wa wazazi waliolazwa hulibeba hilo la mwisho kimya kimya.

Baba tumwambie hivi: kuhamisha kuwe kwa mwisho. Shule za kata moja zinajuana, jina linaweza kufika kabla ya uhamisho, na mtoto atakuwa amejifunza kwamba aliyeondoka ni yeye. Kuna wakati uhamisho ni sahihi, nao ni pale usalama wake uko hatarini, au shule imeandikiwa, ikajulishwa, ikakaa.

Neno moja zito. Akianza kugawa vitu vyake, au akisema afadhali asingekuwepo, muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpandii wazo. Kunampa nafasi ya kulitoa. Usimwache peke yake, dawa zako na sumu ya panya zifungiwe, mpeleke hospitali siku hiyo.

Natoka Singida, nasoma Dodoma. Meno yangu ya mbele yana rangi ya kahawia. Wananiita "Kutu". Nimesugua kwa mkaa na majivu, hayatoki. Wanasema sipigi mswaki. – Kidato cha Kwanza

Acha mkaa na majivu leo. Rangi hiyo haiko juu ya jino, imo ndani ya gamba lake, na ukisugua unalimaliza gamba. Inatokana na madini ya floraidi kwenye maji ya ardhini, ambayo ni mengi katika sehemu za Singida, Manyara, Arusha na Shinyanga. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno ya utu uzima yanajijenga, tangu kuzaliwa mpaka miaka 8 hivi, meno huota na madoa. Kipimo kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni floraidi isiyozidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingine huipita mbali. Kuchemsha hakuiondoi. Haiambukizi na mswaki hauna lawama. Kliniki ya meno ya hospitali ya mkoa wanaweza kuyafunika au kuyang'arisha, uliza gharama kabla.

Wakisema hupigi mswaki, jibu ni neno moja: "Floraidi." Halafu mwombe mwalimu wa Kemia afundishe somo la maji akitaja hilo bila kukutaja wewe. Mara nyingi hukutwa darasa lina watatu wanne wenye meno hayo hayo wakificha midomo.

Mimi ni njuka, yaani mgeni shuleni, bweni la wavulana, wilaya ya Mpwapwa. Kaka wa Kidato cha Tatu ananifulisha nguo zake kila Jumamosi na anachukua sukari yangu. Wanasema kila aliyepita amepitia. – Njuka

Kazi za bweni zipo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Nguo za mtu mwingine hazipo, na sukari kuchukuliwa bila idhini ni wizi tu, hata ukipewa jina la mila. Usimwendee peke yako usiku. Ongea na njuka wenzako; karibu hakika hauko peke yako. Mkiwa watatu au zaidi nendeni kwa mlezi wa bweni mchana, saa ambayo wengi wako uwanjani, mkamweleze nani, lini na nini. Ombeni abadilishe mpangilio wa vitanda kwa bweni zima. Ukihamishwa wewe tu, aliyesema atajulikana. Na nyumbani wajue kabla ya siku ya kutembelewa, maana hapo kila kitu kitaonekana safi.

Nipo Kidato cha Nne, Kizota. Picha yangu nikiwa nimesinzia darasani imegeuzwa stika ya WhatsApp yenye maneno machafu. Inazunguka kwenye kundi la watu zaidi ya mia. Nikiingia kuwajibu wanaituma mara kumi zaidi. – Nimechoka

Usiwajibu ndani ya kundi, na usitoke haraka. Ukitoka kabla hujakusanya ushahidi, umeuacha ndani.

Piga picha za skrini ukianzia juu kidogo ya stika, ili mazungumzo yaonekane. Katika kila picha namba ya simu ya mtumaji ionekane. Kama umeihifadhi kwa jina, fungua wasifu wake upige picha nyingine inayoonyesha namba, maana jina ulilompa wewe halithibitishi kitu. Tarehe na saa ziwemo. Hifadhi pia kwenye simu ya mzazi, kwa sababu aliyetuma anaweza kufuta kwa wote. Kisha ripoti ujumbe kwenye WhatsApp yenyewe na umwandikie msimamizi wa kundi faraghani, si hadharani: "Ondoa stika hii na umtoe anayeituma. Ushahidi ninao." Hapo toka.

Wengi hukwama wakidhani kwamba simu haziruhusiwi shuleni, hivyo wakilalamika wataadhibiwa wao. Picha ilipigwa darasani, hivyo shule inahusika. Aende mzazi pamoja nawe, aanze na stika, si na simu.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inahesabu kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo kuwa kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Mwenzako akiwa chini ya miaka 18 atashughulikiwa kama mtoto, kwenye mahakama ya watoto. Hatukwambii umkimbize polisi. Mara nyingi kikao cha wazazi wawili na mkuu wa shule, hicho kifungu kikiwa mezani, hutosha.

Onyo: kama ingekuwa picha ya utupu ya mtoto, usiisambaze hata kwa nia ya kuonyesha ushahidi. Kuituma kwa mwalimu ni kuisambaza. Peleka simu yenyewe polisi.

Mimi ni mwalimu wa malezi, sekondari, wilaya ya Kongwa. Nimewachapa, wameendelea. Nimewapatanisha mbele ya darasa, wakashikana mikono, wiki haijaisha wakaja na jina jipya. Sanduku la maoni liko tupu mwaka mzima. – Mwalimu

Mwalimu, tuanze na kushikana mikono. Kupatanisha ni kwa waliogombana. Hapa hakuna ugomvi, kuna mmoja anayeonewa na kundi linaloonea. Ukiwaweka sawa mbele ya darasa unamwambia yule mmoja kwamba naye alikuwa na nusu ya kosa. Akitoka hapo hatakuja tena kwako.

Viboko unazijua kanuni: ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, visizidi vinne, kwa kosa kubwa, na viandikwe kitabuni. Tukiweka kanuni kando, kiboko kwa jina la kejeli kina kasoro ya kiufundi: kinathibitisha kwamba mwenye nguvu ndiye anayesema. Mbabe anakivumilia, anarudi darasani shujaa, halafu anamtafuta aliyesema.

Jaribu hivi. Chukua kipindi kimoja na nusu, ofisi yenye mlango. Waite mmoja mmoja, dakika 10 hadi 15, mfululizo, wasipate nafasi ya kupanga maneno. Usianze na kiongozi. Anza na wachekaji, wale wawili watatu wa pembeni, kwani wao hawana cha kulinda. Usiseme nani amekwambia, sema umeona. Usiulize "kwa nini?", swali hilo huzaa visingizio. Uliza: "Fulani siku hizi yukoje?" Nyamaza. Karibu wote watasema hayuko sawa. Kisha: "Wewe utafanya nini kesho?" Usikubali "nitaacha". Taka tendo: nitakaa naye kwenye Baiolojia, nitamwita kwa jina lake. Liandike. Kiongozi akiingia mwisho, atakuta watazamaji wake wameshaondoka. Waone tena baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Hapo ndipo wengi wetu tunakosea, tunaona kimya tunafunga faili.

Sanduku liko tupu kwa sababu liko nje ya ofisi na kila mtu anamwona anayetumbukiza. Libadilishe matumizi: kila Ijumaa kila mwanafunzi apewe robo karatasi, wote waandike, mwenye neno na asiye na neno (huyo anakili mstari wowote wa kitabu), wote watumbukize. Funguo mbili, zishikwe na walimu wawili. Mara moja kwa muhula wape ramani ya shule uliyoichora kwa mkono, waweke alama ya X mahali wanapoogopa kupita. Utashangaa jinsi X zinavyorundikana nyuma ya vyoo, bombani na kwenye zile dakika tano kabla mwalimu hajaingia. Ratiba ya zamu ifuate X hizo.

Halafu kuna jambo la ofisi ya walimu, na utatuwia radhi. Mwalimu akimwita mtoto "kilaza" mbele ya darasa, mapumziko hayajafika jina limeshaenea. Ongea nao kwanza.

Niko Kidato cha Tatu, Kondoa. Mwenzetu anatembea kwa gongo. Mimi ndiye niliyemwita "Bajaji" tukiwa Kidato cha Kwanza, na sasa hata wadogo hawamjui kwa jina jingine. Juzi nilimkuta analia. Naliondoaje? – Niliyelianzisha

Mfuate akiwa peke yake, mahali ambapo anaweza kuondoka akitaka. Sentensi tatu: "Lile jina nililianzisha mimi. Nilikosea. Naanza kuliondoa." Usiseme "nilikuwa natania", wala "kama nilikuumiza". Usimpelekee soda. Usimwombe awaambie wengine kwamba yameisha. Hiyo ni kumpa kazi nyingine. Akikataa kuzungumza nawe, ana haki, na kazi yako inabaki pale pale.

Kazi yenyewe ni ya hadharani, kwa sababu jina lilitolewa hadharani. Waambie wale ulioanza nao, mmoja mmoja, kwamba wewe umeacha na kwa nini. Kila atakayelitamka mbele yako, sema jina lake halisi kwa sauti ya kawaida na uendelee na mazungumzo, bila hotuba. Hesabu muhula mzima. Watakuuliza tangu lini umekuwa mchungaji; kuna siku utaitwa Bajaji wewe. Usigeuke. Wadogo wa Kidato cha Kwanza ndio rahisi zaidi, wao walidhani ndivyo anavyoitwa. Anza nao Jumatatu, kwenye foleni ya bomba.